Mgeni wa Usiku wa Hina

Kama Mikindani nzima yupo mtu aliyezaliwa na kisirani, basi ni Insiya, na Owais ndiye aliyeandikiwa kuwa mdogo wake. Leo alimfuata kwa pikipiki mpaka Chuno, dukani kwa Ilda anayehamishia kanda za zamani za video kwenye kompyuta, maana alijua dada yake kaibeba ile kanda kwenye pochi.

Kanda yenyewe ilikuwa ya usiku wa hina wa mama yao mdogo. Ndani yake alikuwamo mama yao, mzima, anatembea na kuongea. Mama huyo alifariki akimzaa Owais. Toka apate akili Owais anaomba aione, na jibu ni lile lile: ni sherehe ya wanawake, wako vichwa wazi, mwanamume haangalii. Sasa kuvu imeanza kuila.

"Dada Ilda, mimi ni mwanawe," Owais alisema mlangoni.

"Na wale wengine nao ni mama zako?" Insiya akamkata. "Toka! Huna haya?"

Ilda, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, alikuwa akiifuta kuvu kwa pamba. "Jamani, msigombane dukani kwangu. Kanda imechoka hii. Nikiichezesha leo iingie kwenye kompyuta, sidhani kama itacheza tena."

"Nimekuletea wewe kwa sababu ni mwanamke mwenzangu. Flashi unanipa mimi, na huyu haoni kitu. Shusha pazia."

Pazia likashushwa. Owais akabaki upande wa nje. Deki ikakoroma. Vikasikika vigelegele, kisha sauti ya mtu ikigomba: "Mama Insiya, hebu kaa chini na tumbo hilo!"

"Nikae wapi?" mwanamke akajibu huku anahema. "Anayecheza si mimi, ni huyu wa tumboni. Na ni dume, namjua kwa mateke yake! Kaja sherehe ya wanawake bila kualikwa. Mwacheni aone, ni mgeni wangu."

Wanawake wakaangua kicheko. Owais akalisogelea pazia. "Dada, ulijua kama alisema hivyo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa." Insiya alisema kwa uchungu uliokaa siku nyingi. "Mgeni gani anamuua mwenyeji wake? Alikuwa mama yangu, Owais. Umenichukulia mama. Kanda niachie basi!"

Owais akalivuta pazia likang'oka na kamba yake. Insiya akarukia swichi. Ilda akaudaka mkono wake, akaung'ang'ania.

"Ukizima mmemkosa wote wawili! Na mwenyewe kashasema aachwe aone."

Kwenye kioo cha kompyuta mwanamke mfupi, mnene, mwenye mimba kubwa, alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. Owais akakodoa macho. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumtaja mama bila kulia. Hakujua kwamba alikuwa mtu wa kucheka.