Salamu za Darasa la Nne

Mwalimu Tsuma Nzai alifuta ubao kwa kiganja, kwa sababu dasta ilikuwa imeliwa na mchwa tangu Ramadhani. Chaki zilibaki mbili. Moja aliivunja nusu, nusu nyingine akaitia mfukoni, ili mkaguzi asije akauliza kwa nini serikali haileti chaki na aliyeulizwa akaonekana mlalamishi.

Shule ilikuwa banda la makuti kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka Munje, nayo iliishia darasa la nne. Mwaka huo wa 1954 wazazi walikuwa wameomba darasa la tano. Mkaguzi angekuja kusikiliza Kiingereza cha watoto. Akiridhika, watoto kumi na mmoja wangeendelea. Asiporidhika, masomo yao yangekoma pale pale, wakaangue nazi. Darasa la tano la karibu lilikuwa Kwale, juu mlimani, na hapakuwa na mzazi mwenye uwezo wa kumweka mtoto huko.

Tsuma alikuwa mgeni hapo, mtu wa bara kavu la Kinango, Mkristo kati ya Waislamu. Hakuna aliyemtesa. Walimpa samaki, walimwita mwalimu, kisha jioni kila mtu alirudi kwake. Kiingereza chake alikipata katika miaka miwili ya chuo, na tangu hapo, miaka sita sasa, hakuwahi kuzungumza nacho na mtu mzima hata mmoja. Basi alizungumza peke yake akifua kisimani. Alijiuliza swali, akalijibu, akajikosoa.

Bi Mwanaima, mwenye nyumba wake, alikuwa amemsikia.

"Mwanangu Tsuma, huyo unayesema naye kisimani ni nani?"

"Hakuna mtu, mama. Najizoeza Kiingereza tu."

"Mimi sikukatazi. Lakini mke wa jirani yetu Mbwana alipandwa na pepo wa Kizungu, naye alianza vivi hivi. Yuko mganga Kibuyuni, ni mtu wa siri. Nikupeleke?"

Tsuma alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye, chumbani, hakucheka. Alikuwa mpweke kiasi cha kumkubali hata huyo pepo, mradi awe wa kujibu.

Jambo moja katika kitabu cha kufundishia lilikuwa likimkera. Salamu ilikuwa mstari mmoja, kisha watu waliingia moja kwa moja kuulizana hii ni nini na ile ni nini. Hata mbuzi hunusana kwanza! Mgeni ametoka mbali, hujamuuliza alivyolala, hujamuuliza wa nyumbani kwake, unamwonyesha kalamu? Watoto wa pwani hawakulelewa hivyo. Kwa hiyo Tsuma alitunga salamu kamili kwa Kiingereza, akawafundisha kwa miezi mitatu. Mwanapili, binti wa Mbwana, ndiye aliyeiongoza, kwa kuwa alikuwa na sauti na hakuwa na woga.

Mkaguzi, Mwingereza, alifika saa nne kwa Landrova, na askari mwenye bunduki nyuma yake. Hali ya Hatari ilikuwa ya huko juu, kwa Wakikuyu, ambako Mau Mau walivamia nyumba za Wazungu usiku, lakini bunduki zilikuwa zimefika mpaka Munje. Wazazi walisimama nje ya banda, Mzee Sefu, mzee wa mtaa, akiwa mbele katika kanzu safi.

Watoto walisimama. Mwanapili alianza, wenzake wakaitikia, kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Habari za asubuhi, bwana. Umeamkaje? Mkeo ameamkaje? Watoto wako ni wazima? Ni wangapi sasa? Nyumba yenu i salama? Usiku ulipita bila baya?"

Nje, Mzee Sefu alitabasamu. Hakuelewa hata neno, ila mwendo wa salamu aliutambua. Tsuma alijisikia kama baba siku ya harusi.

Mkaguzi hakuitikia. Uso ulimwiva, kisha ukampauka. Alimtazama askari, naye askari akasogea hatua moja.

"Nani fundisha hawa hii maneno?" mkaguzi aliuliza kwa Kiswahili.

Hapo ndipo Tsuma alipopata alichokingoja miaka sita. Mwingereza alikuwa mbele yake, dhiraa mbili tu. Akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, akichagua kila neno: kwamba ni yeye aliyewafundisha, kwamba huku pwani mgeni haheshimiwi mpaka aulizwe watu wake, na kwamba hapakuwa na nia nyingine.

"Mimi nasema Kiswahili," mkaguzi akamkata. "Wewe jibu Kiswahili. Usijifanya Mzungu."

Tsuma alirudia Kiswahili. Akasema, "Ni heshima, bwana. Ni salamu tu."

"Salamu? Kwa nini nyinyi nataka jua mke yangu? Kwa nini nataka jua watoto ngapi, na usiku nyumba yangu iko salama? Nani nakutuma wewe?"

"Sikutumwa na mtu, bwana."

"Wewe kabila gani?"

"Mduruma, bwana."

Mkaguzi aliandika. Hakuuliza mtoto yeyote swali. Hakufungua daftari hata moja, na kumi na moja yalikuwa mezani, yamejaladiwa kwa magazeti. Landrova iliondoka, vumbi likaingia darasani, watoto wakiwa bado wamesimama kwa sababu hakuna aliyewaambia waketi.

"Mwalimu," Mwanapili aliuliza, "tumekosea wapi?"

"Hamkukosea," Tsuma alisema. Akayakusanya yale madaftari mezani. "Ketini."

Barua ya ofisi ya elimu ilikuja baada ya wiki tatu. Mzee Sefu aliwakusanya wazazi palepale bandani, akampa Tsuma bahasha ikiwa imefungwa, kwa kuwa juu yake paliandikwa jina la mwalimu, kwa Kiingereza, na katika kijiji kizima hapakuwa na mwingine wa kuisoma.

Tsuma aliipitia kimya mpaka mwisho. Angeweza kuwaambia lolote. Alikohoa, akaanza kuwatafsiria. Darasa la tano limekataliwa. Vipindi vya Kiingereza vimefutwa, saa zake zitumiwe kwa kilimo. Mwalimu huyu ni mjuvi, anawatia watoto tabia ya kupeleleza nyumba za Wazungu. Cheti chake kimefutwa kuanzia mwisho wa mwezi. Akitaka kujibu, ajibu kwa Kiswahili.

Watu walitazamana.

"Mwalimu," Mbwana alisema polepole, "usichukie. Una hakika umesoma sawasawa? Serikali ilisema wajue Kiingereza. Sasa imewakataa kwa kukijua?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

"Labda hukielewi vizuri hicho Kiingereza chao," alisema mwingine nyuma, bila ubaya. "Yatupasa tumpate mtu mwingine aisome."

"Hakuna mwingine," alisema Mzee Sefu. "Haya, mwalimu, isome tena."

Akaisoma tena. Wakamwomba mara ya tatu. Safari hii macho yake hayakuwa kwenye karatasi, maana alikwisha kuihifadhi, neno kwa neno. Ilikuwa ndiyo barua ya kwanza maishani mwake aliyoandikiwa kwa Kiingereza.