Taya la Droo ya Sita

Mzungu wa mtaa wa Kasenga alikimbia na paka wake, akaacha mifupa. Ndivyo walivyo wenye akili nyingi: mambo yakichacha hubeba kinachopumua, na kesi wanakuachia wewe. Alivuka mpaka kwenda Usumbura mwezi wa tano mwaka sitini na nne, siku mbili kabla wapiganaji waasi hawajaingia mji wa Uvira. Ndani ya nyumba yake yalibaki makabati manne yaliyojaa meno na mifupa ya dinosauri, wale mijusi wakubwa walioisha duniani kabla hajazaliwa mtu yeyote. Mingine aliichimba mwenyewe kando ya mto Lualaba, mingine aliinunua. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mifupa.

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Aliyenaswa ni Gratien, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiisafisha mifupa hiyo kwa brashi na kuibandika namba. Kizito, komanda wa wapiganaji, alipofungua kabati la kwanza aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Waliokunywa dawa ya vita walikuwa wamekatazwa kugusa kitu cha maiti. Ukigusa, dawa imekwisha, risasi inapita. Basi akabaki mlangoni, akamnyooshea Gratien mkuki.

"Weye njo ulikuwa unamutumikia. Hii mifupa iko ya bantu?"

"Hapana, komanda. Iko ya banyama ba zamani sana."

"Basi utaichambula yote. Ya nyama huku, ya muntu kule. Nakupatia siku tatu. Kama iko hata moja ya muntu, weye na ule muzungu mulikuwa munakula bantu pamoja. Tutakutupa mu muto Mulongwe."

Madirisha yakapigiliwa mbao. Gratien akaachiwa meza, taa ya mafuta na joto la kuoshea mtu mwili mzima kwa jasho.

Kazi yenyewe hakuiogopa. Jino la mla nyama lina kingo za msumeno, ukipitisha ukucha unasikia. La mla majani limelika, bapa. Na kipande kikikutatiza, unakilamba. Wageni wakisikia hivyo hucheka, lakini ndivyo alivyofundishwa. Jiwe tupu linateleza. Mfupa wa kale, ambao ardhi imeunyonya mafuta yote, unanata ulimini. Mfupa wa juzi haunati, bado una mafuta yake. Siku mbili Gratien alipima, akalamba, akapanga, na kila kitu kilikuwa cha mnyama. Alianza hata kupiga mluzi.

Chakula alikuwa akiletewa na Libérate, mwanamke wa kando ya mto Mulongwe aliyelazimishwa kuwapikia wapiganaji. Mumewe, Firmin, alikuwa mchimbaji wa Bwana Mifupa na rafiki wa Gratien wa kufa na kuzikana. Miaka minne nyuma mzungu alirudi kutoka Lualaba bila Firmin, akasema amekimbilia Usumbura na mwanamke. Aliyetumwa kumpelekea Libérate habari hiyo ni Gratien. Aliisema akiwa amesimama, akanywa maji kikombe kimoja, akaondoka. Tangu siku ile Libérate hakuwa mke wala mjane. Hakuolewa tena, hakulia kilio, na mawifi zake walimsema kila walipokosa la kusema.

"Shemeji, mpaka leo haukusikia habari ya Usumbura?" alimwuliza akiweka chini bugali na ndagala, dagaa wa huko. Alimwuliza hivyo kila siku.

"Bado, shemeji."

Siku ya tatu ilibaki droo moja, ya sita katika kabati la mwisho, ambayo ufunguo wake mzungu hakuwahi kumpa mtu. Gratien aliifungua kwa kisu. Ndani, juu ya pamba, lilikuwamo taya la chini la binadamu.

Hakuhitaji kulilamba, ila mkono ulikuwa na mazoea kuliko akili. Halikunata. Akaligeuza kwenye taa. Gego la kushoto lilikuwa limevunjika nusu, na gego hilo alilijua. Firmin alikuwa akifungua chupa za bia kwa meno ili watu wamcheke, hata Pasaka moja jino likakatika, na aliyecheka kuwazidi wote ni Gratien. Kwenye karatasi mzungu aliandika namba, Lualaba, na mwaka: 1960. Labda shimo lilimwangukia. Labda jingine. Mzungu yule hakuwahi kutupa mfupa.

Gratien aliketi sakafuni, akalia bila sauti, kwa huzuni na kwa woga, na woga ndio uliokuwa mkubwa. Akiliweka taya upande wa binadamu, amekufa. Akalifumbata taya kwenye kitambaa, akajifunga nalo tumboni chini ya shati.

Hukumu ilikuwa uani, mchana. Wapiganaji walisimama mbali na mifupa, Libérate kando ya sufuria yake.

"Yote iko ya nyama," alisema Gratien.

"Tutajuaje?"

Hapo akafanya kosa la fundi, anayesahau kwamba wengine si mafundi. Aliokota pingili ya mgongo, akailamba.

"Anakula bantu ba kufa! Mulozi!" Bunduki zikainuka.

"Mungoje!" Gratien alichomoa mfupa wa mbuzi kwenye sufuria, akaugusisha ulimi; ukaanguka. Akagusisha pingili, ikaning'inia ulimini. "Mufupa ya juzi haishike. Ya zamani sana njo inashika. Mujaribu!"

Nani ajaribu, dawa yake imwishe? Komanda akamwonyesha Libérate kidole, maana yeye hakunywa dawa. Libérate akalamba mbuzi, akalamba pingili, akashtuka ilivyomshika.

"Ni kweli," alisema.

Komanda akacheka, na komanda akicheka wote hucheka. "Enda, mulamba-mawe! Toka!"

Gratien alifika getini. Libérate akamkimbilia.

"Shemeji, kama unafika Usumbura, umuambie Firmin minye sina kasirani tena. Arudi tu."

Barabara ilikuwa wazi mbele yake. Hatua kumi tu, angekuwa nyuma ya ukuta wa jirani. Lakini taya lilimbana tumboni, na akajua kwamba akitoka nalo, mama huyu atabaki amefungiwa maisha, na kufuli ni ulimi wake yeye. Akafungua vifungo vya shati.

"Firmin hakufika Usumbura," alisema. "Minye njo nilikuletea ule uongo. Sikujua. Unisamehe, shemeji."

Kicheko kikakatika uani. Libérate alilipokea taya kwa mikono miwili, akalipapasa upande wa kushoto mpaka kwenye gego lililovunjika. Kisha, mbele ya komanda na watu wake wote, akaligusisha ulimi, polepole, kama alivyofundishwa muda mfupi uliopita.

Halikunata.

Akavua kitambaa cha kichwa, akaketi chini, akaanza kilio kilichomchelewa miaka minne. Gratien alikuwa bado anakisikia walipomrudisha ndani kuungoja mto Mulongwe, wakafunga mlango.