Saud Apulizwa Pua Siku ya Nikaha

Saud, mume wa dada yangu, hakuogopa mtu. Akiogopa sindano. Jino la nyuma likamvimbisha shavu hata kusema ikawa taabu, na alasiri ile alitakiwa amwozeshe mwanawe Bahiya. Baba ndiye walii. Maneno sharti yatoke kinywani mwake. Nikampeleka kwa Daktari Basil, Mkunazini.

"Shemegi," nikamwambia njiani, "ukifia kitini, kanzu mpya naichukua mimi."

"Haikwingii. Una tumbo."

Foleni ikatuweka hadi adhuhuri. Basil alikuwa na dawa mpya ya kutuliza waoga, ya kupuliza puani. Akapuliza tundu hili na hili. Saud akapiga chafya, akalalamika inaunguza, halafu akaanza kuisifu dari. Sindano ya ganzi ikapita hana habari. Jino likakatwa vipande, likatoka.

"Leo asiendeshe gari, wala asitie saini chochote," Basil akaniagiza.

Nikaitikia. Gari hana. Nikaha haikunijia kabisa. Kwetu nikaha ni maneno, si saini.

Alasiri akakalishwa mbele ya Sheikh Msabah, kashikana mkono na bwana harusi, Muhannad wa Chukwani. Juu, wanawake washaanza vigelegele.

"Bwana Saud, unamwozesha nani?"

Saud akatabasamu. "Muulize mama yake."

Watu wakacheka. Sheikh hakucheka. "Umekula nini leo?"

"Nimepulizwa."

Ikabidi nieleze. Sheikh akaiachanisha mikono yao. "Akili haijarudi. Hawezi kuozesha, wala hawezi kumweka mtu wakili wake."

Ami yake Muhannad akavaa viatu. "Basi sisi tunarudi kwetu. Akiamka mtatwita."

"Ami, kaa," Muhannad akasema, yeye mwenyewe hakuinuka. Sheikh akawapa muda mpaka baada ya magharibi. Vigelegele vikanyamaza. Dada yangu akateremsha birika la kahawa, na jicho alilonitupia mimi lilikuwa chungu kuliko kahawa.

Jua lilipokuchwa usingizi ukamtoka Saud, na ganzi nayo ikamtoka. Jasho likamtiririka. Nikampa vidonge vya maumivu alivyotoa Basil.

"Vinalaza?"

"Hata sijui."

Akanirudishia.

Akakaa tena mbele ya Sheikh, shavu kama andazi, machozi yanamchuruzika. Akamtaja Bahiya, akayataja mahari, neno baada ya neno, hakumeza hata herufi. Muhannad akajibu kuwa amekubali. Juu vigelegele vikapasuka.

Saud akaninyooshea kiganja.

"Lete."