Macho ya Suqing

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alikuwa akimenya kamba mlangoni mwa duka lao la tambi, katika kichochoro kimoja cha Quanzhou, akainua uso na kumkazia macho mkaza mwanawe. "Suqing, macho yako yamekuwa manjano kama mafuta ya karanga. Au siku hizi unakunywa kwa siri?"

Wateja wakacheka. Suqing naye akacheka, kisha akaingia jikoni na kujitazama macho kwenye kifuniko cha sufuria.

Ugonjwa wenyewe hakuujua, ila alijua ulikotoka. Usichanani mwake, kiwanda cha viatu kilimpima damu, kikamkuta na homa ya ini aina ya B, kikamrudisha kwao. Wenzake wa bweni waliacha kula naye. Tangu hapo akaifanya siri. Aliolewa nayo, akazaa nayo, akafungua duka la chakula nayo, na kila mteja aliyesifu supu yake alimfanya ajione mwizi. Kliniki ya ini hakuikanyaga. Aliogopa kuonwa langoni.

Safari hii alikwenda hospitali, akapimwa. Daktari, mwanamke mpole, hakuzungusha maneno. Ilikuwa saratani ya mirija ya nyongo, ndani ya ini. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, ndiyo maana ngozi ilimwasha na mkojo ukawa kama chai nzito. Hakuna awezaye kuapa kilichoileta, alisema, lakini virusi vya homa ya ini vikikaa mwilini miaka mingi huongeza hatari ya saratani hii pia. Akamuuliza kama aliwahi kuambiwa anavyo. Suqing akatazama viatu vyake, akasema hapana. Daktari hakumbishia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama ana watoto.

Binti yake wa pekee, Peiyun, alikuwa na mimba ya miezi minane. Suqing alikwenda kwake akipanga maneno njia nzima. Alipofika akazungumzia nepi, akazungumzia mvua, akakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Hatimaye, akiwa ameligeukia dirisha, akasema, "Mwanangu, kapime damu. Huenda nilikuambukiza homa ya ini nilipokuzaa. Nilijua, nikanyamaza."

"Nimeshapima, Mama. Ninayo." Peiyun alishika tumbo. "Natumia dawa, na mtoto atachomwa sindano akizaliwa tu. Mume wangu anajua. Bado anamalizia chakula changu, mlafi yule."

Suqing alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Niliona vibaya kukuaibisha." Binti akayatazama macho ya mama yake, yaliyogeuka manjano. "Ningesema, ungekwenda kupimwa mapema."

Walikaa bega kwa bega kitandani, kila mmoja akiona haya kumtazama mwenzake.

Aliporudi, duka lilikuwa limefungwa kwa mapumziko ya mchana. Mumewe, Youde, alikuwa akikoroga mchuzi. Alipomwona uso akamwashiria mama yake apande juu. Kikongwe akaanza kujikongoja, akinung'unika kwamba nyumba hii ina siri nyingi kuliko viti.

"Mama asiondoke," Suqing alisema. "Naye asikie."

Mama mkwe akasimama, mkono juu ya meza. Youde akazima jiko, akapangusa mikono.

Suqing akavuta kiti, akaanza na kile kiwanda cha viatu.