Amri Iliyomeza Majina

Kitabu cha nyimbo za maombolezo kilikuwa mezani kwa Araba Quansah, mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Cape Coast, nacho kilijaa alama za kuuliza.

"Sista Araba," bosi wake, Bwana Essilfie, aliinamia kompyuta, "haya ni maombolezo au mahojiano ya polisi? Kila wimbo unaniuliza!"

"Ni zile rejea, bosi. Mwisho wa wimbo mashine inatafuta jina la mwimbaji na mwaka. Hawa bibi zetu hawajui mwaka, basi inaandika jina, inaning'iniza mkato, inaweka alama ya kuuliza."

"Iambie inyamaze. Jumamosi tunazindua."

Nyimbo nyingi zilitoka kwa Nana Tekyiwa, bibi kipofu. Alizitoa kwa sharti moja: kila wimbo utajwe umetoka kwake, maana kwao wimbo wa msiba hauanzwi kabla ya kumtaja mwenyewe. Siku ya kurekodi alimshika Araba mkono.

"Jina langu utaliweka wewe, mwanangu?"

"Nitaliweka, Nana. Mungu ni shahidi."

Araba akaandika amri mpya: pasipo na mwaka, meza kilichoning'inia. Akaijaribu kwenye ukurasa mmoja. Pakawa safi kama sahani iliyooshwa. Akamshukuru Mungu, akaupeleka mzigo kuchapwa. Kurasa za Nana hakuzifungua. Usafi ule ulimtosha.

Jumamosi Nana alifika ameshikwa mkono, amejifunga kitambaa chake kizuri. Kwaya ya kanisa ilikuwa imejipanga kuimba wimbo wake.

"Nisomee mwisho wake kwanza," alimwambia Araba. "Ndio niliomlilia mama yako."

Araba akafunua. Maneno ya mwisho, nukta, kisha weupe mtupu. Akafunua wimbo mwingine, na mwingine. Amri haikumeza mkato peke yake. Ilimeza rejea nzima, na jina ndani yake.

Angeweza kulitamka tu. Bibi haoni, angejuaje? Ulimi ulikuwa tayari umeinuka.

"Halimo, Nana."

"Halimo wapi?"

"Kote. Ni mimi. Nilitaka kurasa zipendeze."

Bwana Essilfie akajipenyeza. "Nana, chapa ya pili tutarekebisha kila kitu."

"Chapa ya pili utaniletea kaburini, kijana?" Bosi akakohoa, akatazama viatu vyake. Bibi akageukia sauti ya Araba. "Waambie wasiuimbe. Wimbo usio na mwenyewe ni kelele."

Kwaya ikakaa chini.

Jumatatu Araba aliifuta ile amri. Alama za kuuliza zikarudi zote, na safari hii hazikumchukiza; alikwenda nazo moja moja, akihakikisha kila jina limekaa mahali pake. Lakini vitabu vilikwisha kusambaa, na fedha za kuchapa upya zilichelewa.

Nakala mpya alizipeleka kwa Nana akiwa amezikumbatia kifuani. Uani alikuta viti vimepangwa na watu wamevaa nyekundu na nyeusi, rangi za msiba wa Nana. Wasichana waliimba kwa kusoma kitabu cha zamani, sauti nzuri kabisa, wakaanza wimbo bila kumtaja yeyote, kwa kuwa ukurasa haukuwaambia.

"Wa Nana Tekyiwa," alisema Araba. Ngoma ilikuwa juu, wala hakuna aliyegeuka.