Kichochoro Kilichokonda

Kila Ijumaa asubuhi, mahamri yakishamalizika kwenye sinia, Mzee Aidarus alishuka ngazi na tepu yake ya ushonaji shingoni, akakipima kichochoro. Alikipima vile vile alivyowapima wateja wake miaka hamsini: bega kwanza, kisha kifua, kisha kiuno. Bega lilikuwa pale kichochoro kinapotokea barabara ya Ndia Kuu. Kifua kilikuwa mbele ya mlango wake mwenyewe. Kiuno kilikuwa katikati ya hapo na Ndia Kuu, mahali ambapo ukuta mmoja umefura kidogo. Mkewe, Bi Fadhiya, alisimama mlangoni na unga mikononi, akingoja kuambiwa.

"Kiuno kimepungua inchi moja na nusu," mzee akasema, akaandika ukutani kwa chaki ya fundi. "Huyu hali chakula vizuri."

Bi Fadhiya akasema haya, na akarudi kuosha masufuria. Halikuwa jambo la kushangaza. Mji wa Kale mzima unajua kwamba mahali pakisemwa vibaya hujikunyata. Kuna njia moja upande wa Ngome ya Yesu ilisemwa vibaya miaka saba, mpaka leo imebaki ufa tu ukutani, paka ndiye apitaye. Cha kuuma roho ni kwamba kichochoro hiki hakikuwa na neno. Kilikuwa na nyumba tatu, mbili zimefungwa, wenyewe wamehamia Nyali, na ya tatu ni ya Aidarus na mkewe. Kilianza kukonda mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, siku Ami Abdulbasit alipotangaza barazani kwamba amenyang'anywa simu humo.

Ami Abdulbasit alikuwa karani wa bandarini, sasa amestaafu, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kusikizwa. Baraza lake liko ng'ambo ya Ndia Kuu, linatazamana na kichochoro. Asubuhi, na tena baada ya sala ya alasiri, wanaume huketi pale na kahawa chungu, na mazungumzo yao ni uhalifu, kama wengine wanavyozungumza mpira. Nani kakatwa panga, mtaa gani. Nani kavutwa mkufu na mtu wa bodaboda. Wapi hapapitiki ikishaadhiniwa magharibi, na wapi hapapitiki hata mchana. Mengi yalikuwa kweli, na hapana haja ya kuficha. Bi Fadhiya mwenyewe alichomolewa herini Marikiti, jua la saa nne, sikio nusura liende nayo. Lakini Marikiti haikupungua hata ukucha, maana kila aliyeisema vibaya alikuwa na kikapu mkononi akielekea huko huko.

Kichochoro hakikuwa na mtu wa kukisemea. Kila aliyemwambia mwenzake "usipite pale" alikichukua kidogo. Siku mtu aliporekodi onyo kwa sauti na kulitia katika kundi la WhatsApp la mtaa, likasikizwa hadi Dubai na Toronto, kilikonda inchi mbili kwa mpigo, na chokaa ikamwangukia Bi Fadhiya kwenye mbaazi.

Ami Abdulbasit alisema hakumwona mwizi uso, ila kwa umbo alikuwa mtu wa bara. Na mtu wa bara katika kichochoro kile alikuwa mmoja tu, Kioko, mpangaji wao wa chumba cha juu, mwenye ngazi yake kando. Kioko alikuwa akipakua makontena zamu ya usiku na kurudi kukipambazuka. Alikuwa amekaa pale miaka sita. Kila asubuhi alinunua mahamri manne, akaamkia, akapanda kulala. Baada ya tangazo lile, watu wa baraza wakaanza kumwitikia salamu nusu nusu, kisha robo, kisha kwa kidevu.

Kweli ya mambo ililetwa na Kadenge, dobi. Alikuja kununua mahamri, akaangalia huku na huku, akasema kuna jambo limemkaa kifuani kama mfupa. Simu ya Ami Abdulbasit ilikuwa ndani ya mfuko wa kanzu iliyoletwa kufuliwa. Aliikuta siku ya nne, akampelekea mwenyewe mkononi. Ami alishukuru sana, akamwombea dua ndefu, na barazani hakurudi kusema lolote.

"Mie dobi tu, Bi Fadhiya," Kadenge akasema. "Nikisema mie, kesho nguo zitapelekwa kwengine."

Jioni ile Bi Fadhiya alimweleza mumewe. Mzee Aidarus akavua miwani akaifuta.

"Mfuko ule niliushona mie," akasema. "Alitaka mrefu, upite goti. Nilimwambia, Ami, kitu kikiingia humu hutakiona tena."

Alikataa kwenda kumsuta. Alisema mtu aliyemshonea kanzu tangu ya harusi hawezi kumvua nguo barazani. Bi Fadhiya naye akafanya la wanawake wa Mji wa Kale: akapanga mahamri katika sahani nzuri, akafunika kwa kawa, akampelekea mke wa Ami Abdulbasit, na akamwambia amwambie bwana kwamba jirani zake wa kichochoroni wamsalimu sana na wangoja neno lake. Sahani haikurudi tupu, hilo haliwezekani. Ilirudi na tende. Neno halikuwemo.

Mwaka huo mzee akaanza kuugua, na kadiri kichochoro kilivyokonda, naye akakonda. Bi Fadhiya alimpikia uji wa pilipili manga, akamchemshia mchuzi wa kuku, akambembeleza kama mtoto. Mzee akimwona anatazama mbavu zake alisema anafanya kwa adabu tu, maana fundi mzuri hakai kibonge katika nguo iliyombana. Alicheka peke yake. Kisha siku moja, tepu mkononi, hakucheka.

"Jeneza la msikitini lina inchi ishirini na nne," akasema. "Nimemuuliza anayelitunza. Kiuno leo ni ishirini na sita."

Bi Fadhiya akamwambia aache maneno hayo. Lakini tangu siku ile hakuwa na lingine moyoni. Hakuomba kweli ya ile simu isemwe kwa ajili ya jina la nyumba yake, wala kwa ajili ya biashara ya mahamri iliyokwisha nusu. Aliomba mumewe atoke kwake kwa heshima, amebebwa kama wanavyobebwa wanaume wenziwe. Kila alasiri alitazama baraza kupitia dirishani, akahesabu midomo ikifunguka.

Mzee Aidarus alifariki Jumatatu, kabla ya adhuhuri, akiwa amemshika mkewe kidole cha shahada. Kiuno kilikuwa inchi ishirini na mbili na nusu.

Jeneza liliingia tupu, kwa ubavu. Kutoka na mtu ndani ni jambo jingine. Walimwosha, wakamkafini, wakamteremsha, na wanaume wa mtaa wakajaa kichochoroni kwa mstari, mmoja mmoja, maana hapakuwa na nafasi ya mabega mawili. Kwa desturi kila mwanamume hugombea kulitia jeneza begani walau hatua tatu. Pale walilishika wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wengine wakanyoosha mikono hewani. Lilikwenda vizuri mpaka kiunoni. Hapo likakwama.

Bi Fadhiya alikuwa dirishani juu, buibui amejitanda, wanawake wenzake wamemshika. Aliona shuka la kijani la jeneza limesimama katikati ya kuta mbili kama droo iliyokwama kabatini.

Dawa yake ilijulikana. Mahali palipokondeshwa kwa maneno hufunguliwa kwa maneno, na yawe ya kweli. Ami Abdulbasit, aliyekuwa mbele, akakohoa, akasema kwa sauti ile ya kusikizwa kwamba kichochoro hiki ni salama kabisa, hakina mfano Mombasa nzima. Ukuta haukutikisika. Tena ulimwaga chembe za chokaa juu ya shuka.

Kisha Kioko, aliyekuwa nyuma kabisa, ambaye hakulala tangu atoke kazini, akasema taratibu, "Mimi hupita hapa kila alfajiri. Miaka sita. Sijaguswa na mtu."

Kuta zikaachia, robo inchi.

Kadenge akasema amepitisha hapa nguo za mtaa mzima juu ya kichwa chake na haijaanguka hata leso. Robo nyingine. Mzee mmoja wa msikitini akasema hapa ndipo alipojificha siku alizotoroka chuo, na marehemu alimwona na asimseme kwa maalim hata mara moja. Watu wakacheka kidogo, na vilio juu vikapungua, na kuta zikaachia nusu inchi. Ikabaki nusu.

Wote wakamtazama Ami Abdulbasit. Bi Fadhiya naye akamtazama, na Ami akainua macho akamwona. Mkono wake ulishuka ubavuni, ukapapasa mfuko wa kanzu, ule mrefu. Bi Fadhiya alishika chuma cha dirisha mpaka vidole vikafa ganzi. Alimwomba Mungu, alimwomba na Ami mwenyewe, kimoyomoyo, kwa jina lake.

"Marehemu alinishonea kanzu ya harusi," Ami akasema. "Kwa siku moja tu, nilichelewa kuleta kitambaa. Niliijia hapa hapa mbio, na alinivalisha kwa mkono wake, akanifunga vifungo, kwa kuwa mie nilikuwa natetemeka."

Ilikuwa kweli tupu, na kuta zikaachia nusu inchi barabara, si unywele zaidi. Jeneza likapita likikwaruza pande zote mbili. Kule Ndia Kuu mabega yakalipokea, ishirini, thelathini, wakipokezana, na tahlili ikapanda hadi ghorofani. Bi Fadhiya alilia sana. Alimlilia mumewe, na alililia lile neno jingine ambalo lilifika mdomoni mwa mtu likarudi.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani kwake, na wanawake wa mtaa walimletea chakula na habari. Baraza lilifungwa siku tatu za matanga, siku ya nne likafunguliwa, kahawa ikamiminwa. Wiki ya kwanza walimsifu marehemu. Wiki ya pili mtu alichaniwa begi Makadara, mazungumzo yakarudi njia yake, na kichochoro kikaendelea kukonda. Hapana aliyekumbuka kwamba ndani yake kuna mtu, kwa kuwa mtu huyo wakati ule hakuwa na haja ya kutoka.

Kioko alikumbuka. Hakupanda wala kubisha, alijua eda ni nini. Kila asubuhi alisimama chini ya dirisha lililofungwa akasema, "Mama, nimepita salama."

"Alhamdulillahi, mwanangu," Bi Fadhiya akajibu kutoka ndani.

Basi. Halafu alikwenda kulala. Baadhi ya asubuhi Bi Fadhiya alisikia kuta zikijinyoosha kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani. Mchana zilirudi.

Siku eda ilipokwisha, alioga, akajifukiza udi, akavaa, akakanda unga kabla ya alfajiri, akachoma mahamri sinia zima. Kisha akashuka na tepu ya marehemu. Bega, inchi kumi na tisa. Kifua, kumi na saba. Kiuno, kumi na tatu na nusu. Alitafuta pahali pa kuandika, akainamia maandishi ya chaki ya mumewe, safu kwa safu, Ijumaa kwa Ijumaa, na ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa amesimama. Kando ya kila kipimo cha kiuno palikuwa na kipimo kingine, kidogo, kimeandikwa kwa mkono mwepesi. *F. kwa ubavu, 11.* Kila Ijumaa, miaka miwili. Alikuwa akimpima mkewe kwa jicho, alivyosimama mlangoni na unga mikononi, kuhakikisha kwamba atatoka.

Bi Fadhiya aliweka kiganja juu ya namba ile mpaka ikahamia mkononi. Kisha akalifunika sinia kwa kitambaa, akakikaza pembeni kwa pini ili lisimamishwe wima, akageuka ubavu, akatoka.

Kule nje Ami Abdulbasit alikuwa wa kwanza kumwona. Alinyanyuka barazani, unene wote ule, akavuka njia kuja kumwamkia. Alimpa pole upya, akasema mtaa umemkosa, mahamri ya madukani ni mawe. Macho yake yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya uongo. Kisha akashusha sauti kama ndugu.

"Lakini ujihadhari, Bi Fadhiya. Sasa u peke yako. Yule mpangaji, na kichochoro chenyewe ndicho hicho wakijua."

Nyuma yake Bi Fadhiya alisikia chokaa ikianguka.

"Ami," akasema, "mfuko wa kanzu yako ni mrefu mno. Marehemu aliniachia uzi wa rangi ile ile. Niufupishe?"

Ami Abdulbasit alishika mfuko. Alitazama baraza, wenzake wamekaa na vikombe, wanangoja arudi amalize kisa alichokikatiza. Alitazama sinia. Midomo yake ilifunguka.

"La," akasema. "Uache vivyo hivyo. Nimeuzoea."

Akachukua mahamri mawili, akashukuru, akavuka kurudi kwake.

Kioko alifika jua likiwa limepanda kidogo, kofia ya kazini mkononi. Walisalimiana, akamwambia, "Mama, karibu tena," na Bi Fadhiya akamfungia mahamri manne kwenye gazeti. Aliyashika juu ya kichwa, akavuta pumzi, akajipenyeza kwa ubavu, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Kiunoni alisimama kitambo. Bi Fadhiya hakugeuka kutazama. Aliendelea kuuza, sikio nyuma, mpaka aliposikia sauti yake kutoka mlangoni, mbali kama ya mtu aliye kisimani.

"Nimepita salama."

"Alhamdulillahi," akajibu, kwa sauti ya kutosha kusikika barazani, akamfungia mteja mwingine.