Mpira Kwenye Kifuniko cha Mota

Matiasi, fundi wa mota, alikuwa amefungua bolti sita kati ya nane alipoona kitu cheusi kikichungulia kwenye ungio la kifuniko. Alimalizia mbili zilizobaki, akazipanga zote juu ya gunia, kisha akainua kifuniko cha mota taratibu. Chini yake palikuwa na pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli, imekatwa vizuri kwa wembe.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi, mzee," alisema Niyongabo, kama mtu anayengoja kusifiwa. "Jumapili mvua ilikuwa kubwa. Nikaweka maji yasiingie. Nilipiga msasa kwanza, kulikuwa na kutu."

Niyongabo alikuwa mkimbizi kutoka Muyinga, ng'ambo ya mpaka, fundi baiskeli, na tangu mwaka jana msaidizi katika bohari hii ya mafuta nje kidogo ya Ngara. Mota hiyo ndiyo iliyozungusha pampu ya kujaza petroli kwenye mapipa, na petroli ndiyo iliyoendesha mashine za kuvuta maji katika kambi ya wakimbizi.

Matiasi alikaa juu ya pipa. Mgongo ulimuuma tangu asubuhi.

"Siku waya ukiungua humo ndani, mvuke wa petroli utawaka. Aliyeitengeneza alilijua hilo. Ndiyo maana chuma kimekaa juu ya chuma, ili moto ukipenya upoe kabla ya kutoka. Mpira umeufungulia mlango."

"Baiskeli yako nimeiziba kwa mpira huohuo mara ngapi?"

"Nyingi. Na kila mara imenifikisha Kirushya."

Walicheka kidogo, bila nguvu. Mpira ukatolewa, kifuniko kikarudishwa, bolti zikakazwa. Matiasi akachukua kibati cha kupimia, chembamba kuliko wembe, ambacho hakikupaswa kupita kwenye ungio. Pale palipopigwa msasa kilipita bila kugusa; msasa ulikuwa umekula chuma.

Generoza, mtunza bohari, alikuja na daftari lake. "Mzee Matiasi, gari la kambini linafika kesho saa kumi na mbili asubuhi kuchukua petroli. Nimwambie nini dereva?"

"Mota haiwashwi mpaka kifuniko kingine kije kutoka Mwanza."

"Lakini imefanya kazi tangu Jumapili."

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa nimeona."

Niyongabo alitazama chini. "Mzee, mke wangu Josiane anapanga foleni ya maji tangu alfajiri. Watoto wanne. Tuiwashe leo tu."

Matiasi hakumlaumu. Hata yeye, kabla hajasoma kijitabu cha maelekezo ya mota mara tatu kwa kamusi, angeweka mpira. Akaandika USIWASHE kwenye kipande cha boksi, akakifunga kwenye swichi, kisha akaenda kuleta pampu ya mkono.

"Mapipa manne yatawafikisha watu wa kambini hadi kesho jioni," alisema Generoza. "Yaliyobaki yatafuata."

Matiasi na Niyongabo walipokezana mpini, mmoja akisukuma, mwingine akishika bomba. Pipa la kwanza liliwachukua karibu saa nzima. Kwenye la pili Niyongabo alivua shati. La tatu lilipofika katikati, jua lilikuwa limezama, na taa ya chemli haikuruhusiwa kuingia boharini.

"Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa hapa," alisema Niyongabo.

"Mpaka kupambazuke, tuone tunachomimina; dereva atangoja," alisema Matiasi, akafunga mdomo wa pipa.